Makosa Sitini na Moja

Kabla hajawa mkimbizi, Marlène Nabintu alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya wasichana mjini Bukavu, mashariki ya Congo, na hata baada ya kukaa Birmingham miaka mingi aliendelea kusahihisha kila kilichoandikwa mbele yake: tangazo la kanisani, barua kutoka shuleni kwa binti yake, menyu ya mkahawa. Alisahihisha kwa penseli. Wino mwekundu, alisema, humfanya mtoto atazame rangi badala ya kulitazama kosa.

Alifika Uingereza mwaka 1999, mume wake akiwa amefariki, na binti yao Rosine akiwa na miaka sita. Walipewa chumba katika mtaa wa Sparkbrook, katika moja ya zile nyumba zilizobanana nyuma ya Ladypool Road, na humo wakamkuta mwanamke kutoka Walungu, karibu na Bukavu, aitwaye Madeleine Nabintu. Hawakuwa ndugu, jina hilo kwao lina wenyewe wengi. Lakini mtu wa posta aliona "M. Nabintu" na namba ileile ya nyumba, akawa anatumbukiza barua zote pamoja. Barua ya kumwita Marlène kwenye usaili wake wa ukimbizi ilikaa kati ya karatasi za Madeleine wiki mbili, na siku ya usaili ikapita. Ilimchukua miezi minane kupangiwa siku nyingine. Baadaye alizoea kusimulia kisa hicho huku akicheka, maana kilikuwa kimekwisha.

Alisafisha ofisi za watu alfajiri, mchana akasoma kompyuta chuoni, na mwaka 2003 akaajiriwa na kampuni ndogo iitwayo Pellworth, iliyokuwa ndani ya jengo la matofali la kiwanda cha zamani pale Digbeth. Wakati huo alikuwa amehamia Acocks Green, mtaa mtulivu wenye kituo cha treni, akajisikia ametua.

Kazi ya timu yake ilikuwa kuunganisha. Hawakutunga programu mpya. Walichukua programu mbili tatu zilizoandikwa na watu wasiojuana, zisizosikilizana, wakazifanya zipashane habari. Kazi yao kubwa kuliko zote ilihusu magari ya wagonjwa. Kliniki zilikuwa na programu ya miadi, kampuni ya magari ilikuwa na programu ya safari, na Pellworth ilitakiwa kuzifunga pamoja ili mzee mwenye miadi ya saa tatu akute gari mlangoni kwake saa mbili na nusu.

Mwaka 2004 msimamizi wao, Denise, aliagiza kwamba kazi ya kila mtu isomwe na wenzake kabla ya kuunganishwa. Vikao vya mwanzo vilikuwa vya aibu. Watu walibishana nusu saa juu ya mahali pa kuweka mabano, mwenye kazi akajitetea kama yuko kizimbani, na wakatoka wamenuniana bila kuona kosa hata moja la maana. Denise akamgeukia Marlène, kwa sababu alikuwa anaandika haraka na hakuwa rafiki wa upande wowote.

Marlène alikubali, na aliliendesha jambo hilo kama alivyokuwa akiendesha darasa. Kurasa zisizidi kumi kwa kikao. Kila msomaji aje amekwisha kuzisoma peke yake. Asome mtu mwingine, si mwandishi, na aseme kwa maneno yake kila mstari unafanya nini. Mwandishi anyamaze, ajibu akiulizwa tu. Kosa likionekana liandikwe, lisitengenezwe hapo hapo. Na bosi asiwemo chumbani. Denise alipouliza kwa nini, Marlène alimjibu kwamba mkuu wa shule akiingia darasani, hakuna mtoto anayeinua mkono kusema hajaelewa.

Wa kwanza kuleta kazi yake chini ya utaratibu huo alikuwa Harjit Singh Sehmi, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyezaliwa Nairobi na kuletwa Birmingham akiwa kijana. Yeye na Marlène walikuwa wamegundua siku nyingi kwamba wanaweza kusengenya chai ya ofisini kwa Kiswahili bila mtu kuwaelewa, ingawa kila mmoja alikicheka Kiswahili cha mwenzake. Kabla ya kikao Harjit alimfuata dirishani.

"Mama Rosine, hizo makosa utaandika, zitaenda wapi?"

"Haziendi popote, Papa Harjit. Ni zetu sisi, tutengeneze kazi. Miye sitazipeleka kwa mutu."

"Sure?"

"Nakwambia kweli."

Harjit aliweka mezani kazi ambayo haijafika nusu. Wenzake walishangaa, mtu huleta kazi iliyokwisha kupigwa pasi. Yeye alisema ni afadhali waione ikiwa bado laini. Siku hiyo walipata makosa tisa, na moja kati ya hayo lingewafanya wagonjwa wote wa Jumapili waonekane hawapo. Harjit alicheka mpaka akavua miwani, akasema, "Leteni mengine."

Tangu hapo akawa analeta kazi kila wiki mbili tatu, vipande vidogo, na wengine wakaanza kumuiga. Kwa mwaka mzima Marlène alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu Bukavu. Watu walibishana bila kutukanana. Fomu zake zilijaa: ukurasa, mstari, kosa, jina la mwandishi, jina la aliyeliona. Alizihifadhi zote kwenye faili moja la kompyuta, kwa utaratibu, kama alivyohifadhi zamani alama za wanafunzi wake. Mmoja tu ndiye aliyebaki mzito: Damien, kijana wa mtaa wa Kingstanding, mwepesi wa vidole, aliyeleta kazi mara nne tu mwaka ule, kila mara ikiwa imekamilika na muda wa kuirekebisha umekwisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hapendi kutazamwa.

Mwaka 2005 ulikuwa mwaka wa wasiwasi mjini. Kiwanda cha magari cha Longbridge kilikuwa kimefungwa majira ya kuchipua, na katika kila treni ulikuwa unasikia watu wakizungumzia nani kabaki na nani katolewa. Mwezi wa Novemba Pellworth ikanunuliwa na kampuni kubwa ya kusini mwa Uingereza. Baada ya siku kumi Denise alimwita Marlène ofisini kwake, akafunga mlango.

"Wanataka kitu cha kupimia watu," Denise alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nina watu saba, nibaki na watano. Sina kitu chochote kilichoandikwa kuhusu kazi ya mtu, Marlène. Nina fomu zako tu."

Marlène alidhani hajasikia vizuri Kiingereza. "Fomu zile si za watu. Ni za kazi."

"Zina majina."

"Zina majina ili tujue nani wa kumuuliza. Denise, Harjit ameleta kazi mara ishirini na mbili. Damien mara nne. Ukihesabu makosa bila kuhesabu mara walizoleta..."

"Nimewaeleza hivyo. Wanataka ukurasa mmoja."

"Basi nipe siku mbili, niondoe majina."

Denise alitazama mikono yake. "Wameshazichukua. Faili liko kwenye kompyuta ya wote, walikuwa na ruhusa. Sikukuita nikuombe. Nimekuita usije ukalisikia kwa mtu mwingine."

Marlène hakulala vizuri wiki ile. Aliandika barua ya kurasa tatu kwa wakubwa wapya, akawafanyia hesabu yote: makosa kwa kila ukurasa, makosa kwa kila kikao, na makosa yaliyokuja kuonekana baadaye kwa wateja, ambayo kwa kazi za Harjit yalikuwa mawili na kwa kazi za Damien kumi na manne. Aliisoma barua hiyo mara tano akitafuta kosa. Akaituma Jumatatu. Ijumaa akajibiwa kwa sentensi mbili: wanamshukuru kwa maoni yake, nayo yamepokewa. Alikwenda ofisi ya wafanyakazi, akaambiwa hilo ni jambo la msimamizi wake. Alirudi kwa Denise, akaambiwa limekwisha kutoka mikononi mwake.

Nyumbani alimsimulia Rosine, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Rosine alikuwa akielewa kila neno la mama yake, lakini majibu yake yalikuwa ya Kiingereza cha Birmingham.

"Just tell them it's wrong, Mum."

"Nimewaambia."

"Tell them again."

Mwezi wa Januari Harjit na mwenzake mmoja wakapewa karatasi za kuachishwa kazi. Harjit alimkuta Marlène kwenye jiko dogo la ofisi, akaifungua yake juu ya meza, akaweka kidole penye namba. Aliyemfuata kwenye orodha alikuwa na makosa ishirini na manne.

"Sitini na moja, Mama Rosine. Hata mimi sikujua ni mengi hivyo."

Marlène aliivuta karatasi, akaisoma namba ile tena.

"Uliniambia haziendi popote."

"Nilikuambia, Papa Harjit. Miye niliamini hivyo."

"Najua uliamini." Alisema bila ukali, na hilo lilimchoma zaidi. "Lakini mimi ndiye nimebeba."

"Niliandika barua. Nilifanya hesabu yote..."

"Waliisoma?"

Harjit aliosha kikombe chake, akakikausha kwa taulo la karatasi, akakitia mfukoni mwa koti, akatoka. Wiki mbili baadaye Marlène alimpigia simu, akapokea mkewe, akasema Harjit ametoka. Alipiga tena, akaambiwa hivyo hivyo. Hakupiga mara ya tatu.

Waliobaki ofisini hawakukaa kikao kujadili lolote, wala hakuna aliyetoa amri, lakini kila mmoja alikuwa ameelewa. Kikao cha ukaguzi kilichokuwa kikichukua saa mbili kikawa cha dakika ishirini. Watu walisoma, wakatikisa vichwa, wakasema "safi", wakaongelea mpira. Aliyeona jambo alimnong'oneza mwenzake baadaye, akikumbuka. Fomu za Marlène zikawa zinarudi tupu: makosa, sifuri. Kwa wakubwa wa kusini, hiyo ilikuwa habari njema, na Denise alipokea barua ya pongezi kwamba ubora umepanda.

Marlène alitaka kujua mambo yamefika wapi. Zamu yake ya kusomewa kazi ilipofika, aliweka kosa kusudi katika ukurasa wa pili, mstari uliosema mwezi wa Februari una siku thelathini. Watu watatu waliusoma kwa sauti. Mmoja alisita, akamtazama Marlène usoni, akaendelea kusoma. Mwishoni wakamwambia kazi yake ni safi. Alijua wamemhurumia. Alikwenda chooni, akakaa humo muda mrefu, halafu akarudi akafuta mstari ule mwenyewe.

Mwezi wa Aprili ikaja kazi ya Damien. Ilikuwa sehemu inayoamua kama mgonjwa wa upande wa kliniki na abiria wa upande wa magari ni mtu yule yule. Marlène aliisoma usiku wa kuamkia kikao, na kwenye ukurasa wa nne penseli yake ikasimama. Damien alikuwa ameandika kwamba watu wawili wenye jina moja la ukoo, herufi moja ya kwanza na anwani moja wahesabiwe kuwa mtu mmoja. Marlène alikaa akiutazama mstari ule. Aliijua nyumba ya namna ile. Alikuwa ameishi ndani yake.

Kesho yake kikaoni alifika, ukurasa wa nne ukiwa umewekewa alama. Damien alikuwa amekaa mkabala naye, hajanyoa; mkewe alikuwa amejifungua mapacha mwezi uliopita, na mkubwa mmoja wa kusini alikuwa ametangaza kwamba mwezi wa sita watahesabu tena. Msomaji alifika kwenye mstari ule, akausoma, hakusema kitu. Damien alimtazama Marlène, akaiona alama ya penseli, uso ukambadilika. Marlène akageuza ukurasa.

Kikao kilipokwisha alimfuata kwenye ngazi.

"Damien, ukurasa wa nne. Katika mtaa niliokaa mimi, mama mkwe na mkwe wanaweza kuwa na herufi ile ile. Masingasinga wanawake karibu wote hutumia jina la Kaur. Utawachanganya watu."

"Najua, nimeona ulivyoweka alama. Nitaongeza tarehe ya kuzaliwa. Leo leo." Alimshika mkono. "Asante kwa kutoliandika."

Aliporudi mezani kwake Marlène alijaza fomu. Makosa: sifuri. Akatia sahihi.

Damien hakumdanganya. Aliongeza tarehe ya kuzaliwa siku ile ile. Ila programu ya kampuni ya magari haikuwa inatuma tarehe za kuzaliwa kwa kila abiria, na palipokosekana tarehe, programu ya Damien ilirudi kwenye kanuni yake ya zamani. Kama kosa lingekuwa limeandikwa kwenye fomu, mtu angelazimika kuisoma upya kazi iliyorekebishwa, na huenda angeliona hilo. Halikuandikwa, kwa hiyo hakuna aliyesoma.

Mwezi wa Mei, katika nyumba moja ya Sparkbrook upande wa Stratford Road, mwanamke aitwaye Narinder Kaur alivunjika kifundo cha mguu. Akaomba gari la kumpeleka kliniki, kisha akalifuta kwa sababu shemeji yake alipata nafasi ya kumpeleka. Katika nyumba hiyo hiyo aliishi mama mkwe wake, Nihal Kaur, mwenye miaka sabini na mmoja, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa na alikuwa akisafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. N. Kaur na N. Kaur, mlango mmoja. Narinder alipoifuta safari yake, programu ikafuta safari zote za Nihal na kuiarifu kliniki kwamba mgonjwa ameahirisha mwenyewe.

Jumanne gari halikuja. Mtoto wa Nihal, mume wa Narinder, alikuwa na lori Scotland, shemeji alikuwa kazini, na Narinder asingeweza kuendesha gari na mguu ule. Walipiga simu, wakaambiwa wangoje. Alhamisi halikuja pia. Ijumaa mchana Nihal alikuwa hawezi kuvuta pumzi akiwa amelala, miguu imevimba mpaka soksi zinakata nyama, na wakaita ambulansi. Alikaa hospitali siku tisa. Aliokoka, ila hakurudi kuwa mtu wa kupanda ngazi peke yake.

Uchunguzi ulichukua asubuhi moja. Denise alikuwepo, na wanaume wawili kutoka kusini, na fomu ya mwezi wa Aprili ilikuwa katikati ya meza.

"Hapa panasema makosa sifuri," alisema mmoja wao, kwa adabu. "Sahihi ni yako. Hukuliona?"

Marlène angeweza kusema hakuliona. Hilo ndilo lililokuwa rahisi, na ndilo Damien, aliyekuwa amekaa pembeni yake, alikuwa akiliomba kwa macho.

"Niliona," alisema.

Denise aliinua kichwa.

"Niliona, nikamwambia kwa mdomo. Sikuandika."

"Kwa nini hukuandika?"

"Kwa sababu mnahesabu. Mlihesabu, mkamfukuza mtu aliyetuonyesha kazi yake kuliko sisi sote. Tangu siku ile hapa hakuna anayeandika. Someni fomu zote tangu Januari. Sifuri, sifuri, sifuri. Mnafikiri tumekuwa malaika?"

Yule mwanaume aliandika kwa muda. Marlène alimtazama akiandika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita akapata tumaini kidogo. Mwanaume akainua uso.

"Kwa hiyo," akasema, "unapendekeza fomu iwe na nafasi ya maoni ya mdomo?"

Marlène alimtazama Denise. Denise alikuwa anatazama dirishani.

Marlène na Damien walipewa barua za onyo. Ukatolewa utaratibu mpya: kila fomu iwe na sahihi mbili badala ya moja, na iwe na nafasi ya maoni ya mdomo. Kuhesabu kwa mwezi wa sita hakukusitishwa. Kosa lenyewe lilitengenezwa kwa siku moja. Damien hakumsemesha Marlène tena, isipokuwa penye lazima, na yeye hakumlaumu. Alikuwa amemlinda kwa siri na kumtoa hadharani, na yote mawili yalikuwa yamemdhuru. Marlène alifikiria kuacha kazi. Lakini karatasi zao za uraia zilikuwa bado, shule ya Rosine ilikuwa hapo hapo, na ofisi nyingine zilizotafuta watu zilitaka barua ya sifa kutoka Pellworth. Akabaki. Aliendelea kutia sahihi kwenye fomu.

Jambo moja alilifanya bila kumwambia mtu. Aliinakili anwani ya Nihal Kaur kutoka kwenye ripoti, kosa ambalo lingemfukuzisha kazi mara moja, na Jumamosi moja ya Julai akapanda basi mpaka Stratford Road, akatembea mpaka kwenye mlango huo, akabisha.

Narinder alifungua, akamuuliza kwa Kiingereza kama ametoka kwenye magari. Marlène akasema hapana. Kisha hakujua aseme ametoka wapi. Nyuma ya Narinder, kwenye kiti karibu na dirisha, alimwona mwanamke mdogo wa mwili, koti limefungwa vifungo vyote wakati wa joto, mkoba mapajani. Yakamtoka maneno yenyewe: "Pole, mama."

Kichwa cha yule mzee kikainuka. "Nani huyo anasema Kiswahili?"

"Ni miye, mama. Naitwa Marlène. Nimetoka Congo."

"Congo! Ingia, ingia. Narinder, leta chai. Mimi nimekaa Nakuru miaka thelathini na moja. Sijaongea Kiswahili tangu dada yangu afe." Alimshika mkono, akamketisha. "Wewe ni wa gari?"

"Hapana, mama."

"Leo gari inakuja?"

"Sijui, mama."

Saa ilikuwa mbili na robo. Marlène alikuwa ameyatayarisha maneno ndani ya basi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na sasa akayatoa vipande vipande. Alisema kwamba anafanya kazi na kompyuta. Kwamba mwezi wa tano gari halikuja kwa sababu ya kosa lililoandikwa, na yeye aliliona kabla, akanyamaza. Narinder alikuwa amesimama mlangoni na vikombe, hakuelewa Kiswahili. Nihal alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa msiba wa jirani.

"Kompyuta ilifikiri mimi ni Narinder?"

"Ndiyo, mama."

"Ningekuwa Narinder, ningekuwa na miguu mizuri." Alicheka kidogo, akakohoa. Kisha akasogea karibu. "Sasa niambie, mama. Gari ikikosa tena, nipigie nani?"

Alikuwa anaijua kila programu ambamo jina la mwanamke huyu lilipita, kila ukurasa, kila mstari. Hakujua mtu hata mmoja wa kumpigia. Mwisho akachukua karatasi, akaandika namba ya simu yake ya mkononi, kwa tarakimu kubwa, akampa. Gari lilifika saa tatu na dakika tano. Dereva hakuzima injini.

Jumanne iliyofuata Marlène alikuwa amesimama ndani ya treni, imetoka kituo cha Tyseley, simu ikalia.

"Mama wa Congo? Ni mimi. Gari bado."

Alipiga kampuni ya magari, akasikia muziki. Alipiga kliniki, akasikia sauti iliyorekodiwa ikimshauri apige baada ya saa tatu. Alipiga tena kampuni ya magari, na muziki ulikuwa bado unaendelea treni ilipoingia kituo cha Moor Street na watu wakaanza kumsukuma watoke. Akampigia Nihal.

"Mama, niko najaribu. Bado hawajajibu."

"Haya," alisema Nihal. "Mimi nangoja hapa."

Siku ile gari lilichelewa nusu saa, likafika. Mwezi ule Nihal alipiga simu mara sita. Kila mara gari lilikuja lenyewe, likiwa limechelewa, bila Marlène kufanikiwa kuongea na mtu yeyote, na kila mara Nihal alimpigia tena kumshukuru.